Wa Kwanza Kuingia Mwamba wa Mabwana

Asubuhi moja ya mwezi wa tano, kabla hata chai haijakolea, Concepta Tallon alisoma sentensi moja kwenye jarida la mtaa, akalibamiza mezani kwa nguvu hadi kijiko kikaruka.

Jarida hilo husukumwa chini ya mlango kila mwezi katika nyumba zote za Kilvara, kitongoji cha pwani kusini ya Dublin, na kwa kawaida halina neno la kumkasirisha mtu: saa za Misa, paka aliyepotea, mashindano ya maua. Safari hii Kamati ya Urithi ilikuwa imechapisha maneno yatakayochongwa kwenye bamba la shaba pale Mwamba wa Mabwana, mahali wanapoogelea watu wote wa Kilvara. Maneno yenyewe yalikuwa haya: "Mwaka 1978, kwa ukarimu wao, mabwana wa Chama cha Waogeleaji waliwakaribisha akina mama kushiriki raha ya maji haya."

"Walitukaribisha!" Cepta aliliambia birika. "Yesu na Maria! Eti walitukaribisha!"

Birika halikujibu, na hapakuwa na mwingine wa kujibu. Fintan, mumewe, alifariki miaka tisa iliyopita, na watoto wako Perth na Toronto wanakooga kwenye mabwawa yenye maji ya uvuguvugu, jambo ambalo mama yao hajawasamehe. Cepta ana miaka sabini na mitano, mfupi, mabega mapana kama ya mpiga makasia, na sauti ambayo padri wa sasa anaiogopa. Akavaa koti lake la mvua, akachukua kipimajoto chake, akateremka baharini huku akisema peke yake njia nzima.

Kipimajoto kile ndicho kilichompa cheo chake Kilvara. Kwenye ukuta wa Mwamba wa Mabwana, kando ya ngazi za kushukia majini, kuna ubao mweusi mkubwa kama meza ya kulia. Kila siku ya Mungu kwa miaka thelathini na moja, Krismasi ikiwemo, Cepta amefika pale saa moja kasoro asubuhi, akatumbukiza kipimajoto majini kwa kamba, akaandika kwa chaki maji yana nyuzi ngapi na bahari itajaa saa ngapi. Hakuna mtu wa Kilvara anayetia hata kidole majini kabla ya kusoma ubao. Yawe nyuzi saba, yawe kumi na saba, wataingia tu, lakini lazima kwanza wasimame, wasome, wagune, waseme "si mbaya." Na aandikaye ndiye afutaye. Mwingine hagusi. Kuna daktari mmoja mgeni aliyewahi kufuta nyuzi tisa akaandika kumi, kwa mzaha, na watu hawakumsalimia mpaka majira ya joto.

Siku ile aliandika "nyuzi 10" kwa hasira hadi chaki ikavunjika vipande viwili.

Ukitaka kuijua hasira hiyo ilikotoka, mjue Cepta kwanza. Alizaliwa Concepta Hanratty, katika vile vijumba vya nyuma ya kanisa ambavyo siku hizi vinauzwa kwa bei ya kasri. Mama yake alikuwa mhudumu wa mabafu ya maji moto ya mwani, enzi ambazo watu walikuja na treni kutoka mjini wakalala kwenye mabafu ya chuma, mwani ukiwateleza mapajani, wakiamini watapona baridi yabisi. Cepta alianza kazi hapohapo akiwa na miaka kumi na mitano. Kazi yake ilikuwa mataulo: kuyachemsha, kuyakamua, kuyaanika, kuyakunja. Mikono yake ilinuka mwani hadi siku ya harusi.

Mabafu yalikwishabomolewa. Kilichobaki cha kuwavutia wageni ni gati, duka la aiskrimu, na mnara wa mawe uliojengwa zamani kumsubiri Napoleon na jeshi lake. Napoleon hakuja. Haikufyatuliwa hata risasi moja. Hata hivyo mnara una mabamba matatu, tena la tatu lina mchoro wa Napoleon mwenyewe kwenye farasi, na wageni hupiga picha naye.

Mambo ya mabwana nayo yalikuwa hivi. Mwamba ule una maji ya kina, masafi, ya kijani, na kwa miaka zaidi ya mia ulikuwa wa wanaume pekee. Kibao kilisema WANAUME TU. Waliogelea uchi wa mnyama, mawakili na madaktari wa meno na mafundi bomba, wakaota jua juu ya mawe matumbo yakiangalia mbinguni. Wanawake walipewa ufukwe wa upande wa pili, wenye tope hadi magotini na bomba la maji taka. Mama yake Cepta alifua mataulo ya mabwana wale maisha yake yote na hakuwahi kuyaona maji waliyoogelea.

Aliyechoka kwanza alikuwa Attracta Devane. Alikuwa mwalimu wa darasa la nne, mwembamba, mwenye miwani, rafiki wa Cepta tangu walipokaa dawati moja. Jumapili ya kwanza ya Juni mwaka 1974, baada ya Misa ya saa nne, aliwakusanya wenzake saba mbele ya duka la aiskrimu.

"Mnaogopa nini?" aliwauliza. "Hivyo vitu vyao mmeshaviona au hamjaviona?"

"Wengine wetu hatujaviona," alisema mmoja, na wote wakacheka hadi wakashikana.

Wakashuka wanane. Attracta akavua gauni, ndani amevaa nguo ya kuogelea ya bluu, akapita katikati ya matumbo yale bila kugeuza shingo, akaruka. Cepta alikuwa wa tatu kuingia. Hadi leo anakumbuka baridi ilivyomkaba koo, halafu ule ukimya wa chini, halafu matusi alipoibuka. Mabwana waliosifika kwa adabu walikuwa wamesimama ukingoni, wamejifunika kwa kofia, wakiwaita majina ambayo Cepta hakujua kwamba wakili anayajua. Mmoja alilichukua gauni la Attracta na viatu vyake akavitupa baharini. Attracta akapanda kwenda nyumbani na nguo ile ya bluu inayochuruzika, pekupeku, barabara nzima, wakati Misa ya saa sita inatoka.

Huo ndio ukaribisho wenyewe.

Jumatano ile Cepta alikwenda kwenye kikao cha Kamati ya Urithi, ukumbi wa parokia. Mwenyekiti ni Aengus Keaveney, daktari wa meno mstaafu, mwenye sweta la rangi ya krimu na sauti laini iliyong'oa magego ya nusu ya mtaa. Baba yake alikuwa katibu wa Chama cha Waogeleaji enzi zile. Chai ilikuwa tayari, na skonzi zenye siagi.

"Bi. Tallon! Karibu, karibu. Utakula skonzi moja."

"Sitaki skonzi, Aengus. Nataka mfute uongo wenu."

"Kidogo tu, na jamu."

"Sitaki!"

"Basi nitaiweka hapa karibu yako," alisema Keaveney, akaiweka.

Cepta akawamwagia yote: wanane, nguo ya bluu, gauni baharini. Alisema hadi mishipa ya shingo ikamtoka. Wanakamati walitikisa vichwa kwa huruma, wengine walifumba macho kabisa. Keaveney alisubiri hadi alipomaliza, akashusha pumzi.

"Umesema kweli tupu, Bi. Tallon. Na umesema vizuri. Tutaliangalia."

Aliyeishi Kilvara anaijua tabia hiyo. Hapa mtu hakwambii hapana usoni. Anakubaliana nawe, anakusifu, anakuongezea chai, anakupaka mafuta kwa mgongo wa chupa hadi mlangoni, halafu anaendelea na alichokuwa akikifanya. Cepta amezaliwa humo humo. Hakuondoka.

"Mtaliangalia lini? Bamba linafunguliwa Jumamosi ijayo."

"Ni kweli. Ni kweli kabisa. Shida ni kwamba limekwisha kuchongwa."

"Limechongwa! Sasa jarida mlituletea la nini?"

"Kwa ajili ya maoni," alisema Keaveney kwa upole. "Na kuna jambo jingine. Kibao cha zamani, WANAUME TU, tumekipaka rangi upya. Wageni wanakipenda mno. Wanawake hasa. Wanapiga picha chini yake."

Cepta aliisukuma skonzi mbali naye.

"Sisi ni watu wa maandishi, Bi. Tallon," aliendelea yule bwana, akafungua jalada. "Kumbukumbu za chama zinasema waliamua kwa kauli moja kuwakaribisha, mwaka 1978. Baba yangu aliandika mwenyewe. Kuhusu Bi. Devane tunayo barua ya padri wa wakati ule kwa wakuu wa shule. Anasema mwalimu huyo alikwenda peke yake kati ya wanaume wasio na nguo, kwa makusudi ya kuleta fedheha, na kwamba hapakuwa na mwanamke mwingine. Aliwauliza wote waliotajwa, mmoja mmoja. Orodha hii hapa." Akavaa miwani akasoma. "'Bi. Concepta Hanratty, mhudumu wa mabafu. Anasema hakuwepo, alikuwa akikunja mataulo.' Unamfahamu huyo? Labda yu hai bado."

Mtu mmoja alikoroga chai.

Keaveney hakujua. Alikuwa mtoto wa shule ya bweni wakati ule, na Cepta amekuwa Tallon kwa miaka arobaini na saba. Aliuliza kwa moyo mweupe kabisa, na hilo ndilo lililomchoma Cepta zaidi. Alisimama akatoka. Skonzi ilibaki mezani.

Alikwenda kukaa kwenye benchi la gati, upepo ukimpiga usoni, na hasira yote aliyokuja nayo ikamgeukia mwenyewe.

Maana ndivyo ilivyokuwa. Padri alikuja mabafuni Jumatatu ile, akasimama mlangoni mwa chumba cha mataulo, na meneja nyuma yake. "Concepta, ulikuwepo?" Attracta alikuwa ameomba kitu kimoja tu: wenzake waseme walikuwa wanane. Wakuu wa shule wangeweza kumfukuza mwalimu mmoja aliyekwenda peke yake kati ya wanaume, lakini wanawake wanane waliokwenda kuogelea baada ya Misa lingekuwa jambo jingine. Cepta alimtazama meneja, akaifikiria kazi ya mama yake na yake. "Hapana, Padri. Nilikuwa nakunja mataulo." Wengine sita nao wakafyata mkia. Attracta akafukuzwa mwezi huohuo. Mwezi wa tisa alipanda meli kwenda Uingereza, akafundisha Coventry miaka thelathini, akafia hukohuko. Kila Krismasi alimletea Cepta kadi, na kila kadi ilimalizika kwa swali lilelile: "Maji yana nyuzi ngapi?" Hakuwahi kumlaumu hata kwa nukta moja. Baada ya miaka mingi ya kadi hizo, Cepta alianza kupima maji ili apate la kumjibu.

Wale saba waliobaki walirudi kuogelea mwaka uliofuata, kimyakimya, na mabwana wakachoka kupiga kelele, hadi mwaka 1978 wakaandika kwenye kitabu chao kwamba wamewakaribisha. Sita kati ya hao saba sasa wako makaburini. Anayejua ni mmoja tu, na huyo mmoja ushahidi wake ulikuwa ndani ya jalada la Keaveney, ukitetea bamba.

"Mataulo," Cepta alisema kwa sauti, na mtu aliyekuwa akipita na mbwa akaharakisha.

Jumamosi ya kufungua bamba aliamka mapema kuliko kawaida. Maji yalikuwa yametulia. Bamba lilikuwa ukutani, limefunikwa kitambaa cha kijani, hatua mbili kutoka ubao wake, na juu yake kile kibao WANAUME TU kiking'aa kama jino jipya. Cepta akapima maji. Akaufuta ubao wote, akaanza kuandika kwa zile herufi za mviringo alizofundishwa na watawa.

"Maji: nyuzi 11. Kujaa: saa sita na robo. Mwanamke wa kwanza kuingia hapa alikuwa mwalimu Attracta Devane, Jumapili ya kwanza ya Juni 1974. Hakukaribishwa. Alitukanwa, nguo zake zikatupwa baharini, akafukuzwa kazi. Tulikuwa wanane. Padri aliponiuliza nilisema sikuwepo, nilikuwa nakunja mataulo. Nilikuwepo. Concepta Hanratty, sasa Tallon."

Herufi zilipinda kwenye lile neno "nilikuwepo," akalifuta, akaliandika upya lisomeke.

Watu wa saa moja wakaanza kushuka na chupa zao za chai. Wakasimama mbele ya ubao kama kila siku. Lakini siku ile hakuna aliyeguna, na hakuna aliyesema si mbaya. Nóirín Clafferty, muuguzi wa miaka thelathini na kitu ambaye huogelea akitoka zamu, alisoma hadi mwisho, akarudi mwanzo, akasoma tena. Kisha akamtazama Cepta, akashuka majini.

Ilipofika saa nne, Kamati ilikuta umati wa watu wameligeuzia bamba mgongo. Keaveney alipenya, akasoma. Alipofika kwenye jina uso ukamwiva.

"Bi. Tallon. Sikujua kwamba ni wewe."

"Sasa unajua."

"Ungeniambia faraghani. Tungeliangalia."

"Mlishaliangalia."

"Leo ni siku ya sherehe, jamani. Baba yangu alikuwa mtu mpole." Sauti yake ilikuwa laini vilevile, lakini mkono ulikuwa umeshanyanyuka kuelekea sifongo lililoning'inia kando ya ubao.

"Bwana Keaveney!" Nóirín aliita, nywele zikimchuruzika. "Ukifuta hapo, sisi tutajuaje maji yana nyuzi ngapi?"

"Anafuta ubao!" sauti nyingine ikadakia nyuma, kwa mshangao wa kweli, kama vile amesema mtu anaiba kikombe cha kanisa.

Mkono wa Keaveney ulibaki hewani. Pengine angeweza kusema lolote kuhusu Attracta Devane na watu wakamsikiliza kwa adabu. Lakini kufuta ubao kabla ya mwandishi mwenyewe, mchana kweupe, watu wengine hata hawajaogelea! Akaushusha, akautia mfukoni. Kisha akaenda kuvuta kitambaa cha kijani, wakapiga makofi wanakamati na mkwe wake, na ule umati ukarudi kusoma chaki.

Siku ya pili mvua ilikuwa imenyesha. Cepta alipofika, ubao ulikuwa mtupu, umeoshwa, na bamba kando yake linametameta kwa matone, halikupungukiwa hata herufi moja. Akasimama akaliangalia kwa muda. Halafu akatoa chaki mpya, akaanza upya: nyuzi, saa ya kujaa, Attracta, yote.

Nóirín alifika akiwa amejifunga taulo, akasimama nyuma yake akifuatisha maneno kadiri yalivyotoka. Chaki ilipofika kwa padri, akamgusa bega.

"Cepta, hapo kwenye mataulo. Jana watu wote wamesoma. Leo si uparuke tu? Bakiza habari zake, zako ziondoe. Hakuna atakayekulaumu."

Cepta hakuinua chaki ubaoni.

"Historia ambayo waandishi wameondoa aibu yao wenyewe tunayo hapo kwenye bamba, mwanangu," alisema, "na ile hata mvua haiifuti. Hebu nishikie kipimajoto."